Vipande Ishirini na Vinne vya Nahodha Claes

Jumatatu, 4 Machi

Nimempata! Nimempata! Nimempata!

Haturuhusiwi kupiga kelele kwenye chumba cha kusomea nyaraka. Nilishaonywa. Lakini kuna mambo hayavumiliki, na leo nilisimama juu ya kiti. Fenna, dada wa mapokezi, akaja mbio akidhani nimepatwa na kiharusi. Nikamwambia si kiharusi, ni babu. Akasema basi babu ashuke kwenye kiti, wenzake wanasoma.

Claes Plooij! Nahodha wa Nyuki wa Dhahabu, wa hapa hapa Enkhuizen, mwaka 1652! Nilijua tu! Vita na Waingereza vimepamba moto, jeshi la majini halina meli za kutosha, likafanya kama lilivyozoea: likakodi za wafanyabiashara. Jana meli inabeba chumvi na mbao, leo imejazwa mizinga na kutumwa ikapigwe. Nimechimba orodha za meli hizo za kukodi mpaka macho yanatoa machozi. Kila mtu mjini ana babu humo ndani isipokuwa mimi. Leo, mstari mzima! Nimeunakili neno kwa neno:

Nyuki wa Dhahabu, Claes Plooij, vipande 24, kama vilivyotangulia.

Vipande ishirini na vinne! Makarani wa zamani mzinga waliuita kipande, hilo linajulikana na kila mtu aliyesoma. Na yale maneno ya mwisho ndiyo matamu kuliko yote. Kama vilivyotangulia! Yaani mzee alishapigana vita vilivyopita, na mizinga ileile. Si mgeni wa baruti huyu. Mzoefu! Nimepiga picha mstari wake peke yake, mkubwa, bila takataka za mistari mingine.

Sasa, daraja. Lile jipya la bandarini linafunguliwa mwezi huu, na halmashauri inataka lipewe jina la mojawapo ya meli za kukodi. Litaitwa Daraja la Nyuki wa Dhahabu. Hakuna mjadala. Ukoo wa Plooij umeishi mji huu karne kwa karne na haujapewa hata benchi.

Nimempigia Mama simu kwenye nyumba ya wazee. Jumapili anatimiza miaka tisini. Nikamwahidi kwamba daraja la ukoo wetu atalivuka yeye, mtu wa kwanza kabisa, kabla ya meya. Akanyamaza. Nikadhani amesinzia. Kumbe analia. Kisha akasema ngoja akatafute wa kumtengeneza nywele.

Kwa hiyo siwezi kumwangusha. Nasema ukweli, nikimwangusha sijui nitamtazama vipi.

Jumanne, 5 Machi

Bi Aleida Roskam! Nani mwingine?

Waombaji tumebaki wawili: mimi na yeye. Yeye ana meli iitwayo Salmoni Watatu, nahodha Pieter Roskam, vipande kumi na vinane. Ukoo wa Roskam tayari una mtaa, una benchi bustanini, una pampu ya maji. Wanataka nini tena, mwezi?

Shida ya Bi Roskam ni kwamba alikuwa daktari wa meno wa mji huu tangu niko shule mpaka juzijuzi alipostaafu. Hakuna mtu anayeweza kubishana naye, maana hakuna mtu ambaye hajawahi kulia mbele yake.

Nimekutana naye kwenye kibanda cha samaki, mdomo wangu umejaa heringi na vitunguu. Akaniuliza kama bado natafunia upande wa kushoto. Nikameza. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba yeye ana vipande kumi na vinane, mimi nina ishirini na vinne. Akauliza, "Vipande vya nini, Govert?"

Nilicheka hadi kitunguu kikapanda puani. Eti vya nini! Mtu anaomba jina la daraja na hajui hata kipande ni nini! Akanipa kitambaa, akaniambia nisome vizuri, kijana wangu. Kijana! Nina miaka sitini na mitatu.

Amesambaza karatasi ya hotuba yake nyumba hadi nyumba. Ya kwangu nimeitupa kwenye pipa la makaratasi bila kuisoma. Sitaki kuchafua akili.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa kwanza: kumteka diwani. Bouke Terpstra, mwenyekiti wa kamati ya majina, huendesha baiskeli juu ya tuta la bahari kila asubuhi. Nikamvizia na chupa ya kahawa. Nikamfuata sako kwa bako kwa baiskeli yangu, nampa historia.

Sikuhesabia upepo. Nikapiga kelele: Nyuki wa Dhahabu! Mizinga ishirini na minne! Terpstra akapiga kelele pia, akasema nyuki ni jambo zuri sana kwa mazingira, lakini mizinga mingi kiasi hicho lazima iombewe kibali na isikae karibu na shule. Nikasema si mizinga ya nyuki! Akauliza, kama si ya nyuki ni ya nani? Nikasema ya Claes! Akasema basi Claes ndiye aje kuomba kibali.

Nikageuka nimwonyeshe picha ya mstari. Nikajikuta chini ya tuta katikati ya kondoo, kahawa imeishia kwenye kiatu. Terpstra ni mtu mwema, aliteremka kuniokoa. Nilipokuwa bado nimeshikwa mguu na waya nikamwomba niwe msemaji wa kwanza kwenye mkutano wa jina la daraja, Jumanne ijayo. Akakubali. Nadhani aliogopa nikikataliwa nitabaki palepale.

Wa kwanza! Siku yangu imeenda vizuri sana.

Ijumaa, 8 Machi

Mungu anipe pumzi niandike.

Leo nimerudi kwenye nyaraka kumchunguza adui. Bahati iliyoje, meli yake iko kwenye ukurasa uleule wa yangu! Nilifunika mistari ya juu na ya chini kwa karatasi nyeupe ili macho yasitangetange. Nikasoma mstari wa Roskam pole pole, herufi kwa herufi, maana mwandiko wa yule karani ni wa kuku aliyelewa. Salmoni Watatu. Pieter Roskam. Vipande 18.

Vipande 18 vya nini? Vya JIBINI!

Jibini! Jibini la maziwa! Shujaa Roskam alikwenda vitani na jibini! Nilianguka kwenye kiti kwa kucheka. Fenna akaja. Nikamwonyesha. Akasoma, akatabasamu, akauliza kama nisingependa kuondoa zile karatasi nyeupe niuone ukurasa wote, kwa sababu una kichwa cha habari pia. Nikamwambia vichwa vya habari vimewekwa kwa ajili ya wavivu. Mtafiti huingia ndani.

Nimeendesha baiskeli hadi nyumbani bila kushika usukani. Nimeimba mtaani. Jirani amefunga dirisha. Mimi na furaha hii hatutoshi nyumba moja!

Jumapili, 10 Machi

Birthday ya Mama. Viti vimepangwa duara kama kawaida, hongera zimetolewa kwa Mama, kisha kwangu kwa kuwa na Mama, kisha kwa shangazi Geesje kwa kuwa na wifi, kisha kila mtu kwa kila mtu. Ukishakaa, umekaa. Ndiyo maana nilikuwa nimemwekea Terpstra kiti kando yangu. Shangazi Geesje akakikalia na mkoba wake, na shangazi haondoki kwenye kiti mpaka apewe supu.

Terpstra akaishia ng'ambo ya duara, katikati ya Mama na Bi Roskam. Bi Roskam! Kumbe Mama hucheza naye karata. Sikuwahi kuambiwa. Akapewa kipande cha keki kikubwa kuliko changu.

Mama amependeza, jamani. Nywele zimesimama kama za mke wa balozi. Amewatangazia bibi wote wa ile nyumba kwamba yeye ndiye atakayevuka daraja kwanza, na sasa wanampisha mlangoni. Nilipombusu alinikamata sikio akanong'ona nisije nikamtia aibu mbele ya wale wanawake. Wengine wana watoto madaktari.

Nilijaribu kuitunza siri ya jibini. Nikashindwa. Nikamwuliza Terpstra, kwa sauti ya kuvuka duara zima, kama haoni ni haki kwamba meli isiyokuwa na mizinga, hata mmoja, itupwe nje ya shindano. Terpstra akatafuna, akasema anaona ni haki, watu wanataka meli ya vita. Bi Roskam akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kabisa. Akarudia, "Kabisa, Govert?" Nikasema kabisa kabisa!

"Basi liandike, Bouke," akasema. "Govert mwenyewe ametaka."

Na likaandikwa! Mbele ya mashahidi! Mwanamke amejifunga kitanzi na kunishukuru kwa kamba.

Jumatatu, 11 Machi

Nimenunua jibini kumi na nane. Za mviringo, nyekundu, zenye ganda la nta. Muuzaji aliuliza ni sherehe gani. Nikamwambia ni mazishi. Akanipa pole na jibini dogo la bure.

Nimezipanga kwenye meza ya chakula na kuzifunika bendera ili nifanye mazoezi ya kufunua. Mara ya kwanza bendera imenasa. Mara ya pili jibini tatu zimeviringika hadi jikoni. Mara ya tatu, safi! Nimejipigia makofi.

Jumanne, 12 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Ukumbi ulijaa. Mama mstari wa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, na bibi wote wa nyumba ya wazee nyuma yake kama walinzi. Nilisimama wa kwanza. Nilikuwa mtamu! Nilimleta Claes hai mbele yao: moshi, matanga yaliyotoboka, vipande ishirini na vinne vikinguruma kama vilivyotangulia. Bibi mmoja alipiga kelele ya hofu. Mama alikuwa anang'aa.

Kisha nikashika bendera. Nikasema, na sasa, wapendwa, tazameni mizinga ya Salmoni Watatu!

Nikafunua. Haikunasa.

Mtu wa nyuma akauliza kama kuna kisu.

Bi Roskam akainuka. Akanishukuru kwa moyo wa kuwaletea watu kitafunio, kwa sababu, kama wote walivyosoma kwenye karatasi aliyoisambaza, hotuba yake inahusu jibini lililolisha jeshi la majini. Wote walivyosoma! Ukumbi mzima unaitikia kwa kichwa! Hakuwahi kudai mzinga hata mmoja. Mji mzima ulijua. Ile karatasi ilikuwa na picha ya jibini.

Halafu akamulika ukurasa mzima ukutani. Wote, kuanzia juu. Kichwa cha habari: Vyakula vya kupelekewa meli za kivita. Chini yake Salmoni Watatu, vipande 18 vya jibini. Na chini ya huo, mstari wangu. Chini yake hasa. Imegusana.

Akaniambia, kwa ile sauti ya kumtoa mtu gego, "Soma taratibu, Govert. Kama vilivyotangulia. Vilivyotangulia ni vipi?"

Nikatazama juu ya mstari wangu. Kilichotangulia ni jibini.

Walivyocheka! Shangazi Geesje alicheka mpaka akatolewa nje kupunga hewa. Fenna alijificha nyuma ya nguzo, mabega yanatikisika. Terpstra akakohoa, akasoma sharti langu, lile la birthday: isiyokuwa na mzinga itupwe nje. Akasema kwa masikitiko kwamba sasa zimetupwa zote mbili.

Mama hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake. Hilo ndilo lililoniuma. Hayo mengine ningeyameza.

Jumatano, 13 Machi

Sijatoka nje. Nimekula mkate wa chengachenga za chokoleti, mchana na jioni, kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Nikajikaza nikampigia Mama. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, lakini akanikatiza akauliza jibini zimebaki ngapi. Nikasema hazikubaki, ukumbi umezimaliza. Akasema vizuri.

Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Kwamba ule msimu wa baridi wa njaa, mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa na miaka kumi, walikula vitunguu vya maua ya tulipu. Vinachoma koo. Dada yake mdogo alikuwa analamba sahani tupu. "Mizinga tuliisikia kila siku, Govert," akasema. "Mwenye jibini hakuja. Angekuja hata mmoja, ningempa madaraja mawili."

Nilimwambia nampenda, jambo ambalo kwetu husemwa kwenye mazishi tu, akaniuliza kama naumwa.

Mama ana huruma sana. Tatizo haelewi historia.

Baadaye Terpstra amepiga simu. Kamati imeamua: Daraja la Jibini. Wazo la Bi Roskam. Na la pili pia ni wazo la Bi Roskam: atakayevuka kwanza ni Mama.

Nimekaa na simu mkononi. Nilitaka kukasirika, nikashindwa kupata pa kuanzia.

Jumamosi, 23 Machi

Limefunguliwa!

Upepo wa kung'oa kofia, bendi inapiga, meya ameshika mkasi. Mama amevaa koti lake jekundu. Nikashika kiti nimsukume, nimeisubiri siku hii kuliko arusi yangu. Mama akanizuia. Akasema asukumwe na Aleida, kwa sababu Govert anasukuma huku anaongea. Mimi nikapewa sinia.

Kwa hiyo daraja la kwanza katika historia ya ukoo wetu nimelivuka wa tatu, nimebeba jibini.

Lakini mngemwona! Anapunga mkono kushoto na kulia. Wale bibi wanamwita kwa jina lake, Trijntje! Trijntje! Katikati ya daraja akainua kidole, Bi Roskam akasimama. Mama akachukua kipande kutoka kwenye sinia langu, akakitafuna polepole akitazama maji. Akasema, haya Claes, asante. Machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka. Niliwaambia watu ni upepo.

Bi Roskam akanipa mkono, akanipa hongera kwa kuwa na mama kama huyu. Nikampa hongera naye, sijui kwa nini, nilikuwa na furaha mno. Akaniuliza kama kuanzia sasa nitakuwa nasoma ukurasa mzima. Nikaapa. Niliapa kwa ukoo mzima wa Plooij!

Jumanne, 26 Machi

NIMEMPATA TENA!

Niko kwenye ngazi za jengo la nyaraka, naandikia juu ya goti, Fenna ameniomba nitoke nje kidogo nipoe. Claes! Claes wangu, mwaka uliofuata, orodha nyingine kabisa! Naunakili mstari wake neno kwa neno:

Nyuki wa Dhahabu, Claes Plooij, vichwa 60, vibichi.

Vichwa sitini! Mabaharia huhesabiwa kwa vichwa, hilo linajulikana na kila mtu aliyesoma. Sitini! Hiyo si mashua ya chakula tena, hicho ni kikosi! Na vibichi! Vijana watupu, damu inachemka, hawajawahi kuona vita, na nani aliyekabidhiwa kuwaongoza? Nani? Mzee alipandishwa cheo!

Mstari wa juu ni karoti na wa chini ni vitunguu, vya manahodha wengine, hata sikuvitazama sana. Fenna alitaka kunionyesha ukurasa unavyoanza. Nikamshukuru, nikamwambia safari hii nimeshajua.

Sijamwambia Mama bado, nataka iwe zawadi. Lakini Terpstra nimeshampelekea ombi. Daraja tuwaachie watu wa jibini. Sisi tunataka sanamu, na si ya Claes peke yake, ya wote sitini, vichwa vyao vimepangwa safu kwa safu pale sokoni mbele ya wauza mboga, ambako kuna nafasi.